Nyuzi Nane kwenye Gitaa la Nyuzi 12

Mandolini, kile chombo kidogo cha nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, ni chombo kitamu mpaka siku utakapopangiwa kumpigia mwimbaji mwenye sauti nzito. Kikundi chetu kidogo hapa Tabora kinapiga dansi la zamani na taarabu za zamani kwenye harusi na vipaimara, na mwimbaji wetu ni dada ambaye sauti yake inaanzia pale pale inapoanzia mandolini yangu, kwenye G yenye mitetemo 196 kwa sekunde. Yaani noti yangu ya chini kabisa ndiyo noti yake ya chini. Kila ninachopiga ama kinagongana naye ama kiko juu ya kichwa chake. Kwenye shughuli moja kule Isevya, spika zikiwa zimeelekezwa barabarani, aliniinamia katikati ya wimbo akasema, "Kaka, hicho kidude kinanipigia kelele sikioni. Huna cha chini kidogo?"

Sikuwa nacho. Gitaa lipo, lakini gitaa halina ule mng'ao wa nyuzi mbili mbili, na vidole vyangu vimezoea mpango wa mandolini: G, D, A, E, sawasawa na fidla. Nilitaka mpango huo huo, jozi hizo hizo, ila oktava moja chini, yaani noti za majina yale yale kwa sauti nzito zaidi. Na nilitaka kwa bei isiyozidi ya baiskeli mpya ya Phoenix, maana muziki wetu haujawahi kumlipa mtu zaidi ya hapo.

Ukianza kutafuta chombo cha namna hii unakutana kwanza na utitiri wa majina. Ipo mandola, inayotyuniwa C, G, D, A, yenye nyuzi za urefu wa kama sentimita 42. Ipo mandolini ya oktava, ambayo ndiyo hasa niliyoihitaji, G, D, A, E ya chini, urefu wa sentimita 51 hadi 58 hivi. Halafu ipo bouzouki ya Ireland, ndefu zaidi, kuanzia kama sentimita 61 mpaka karibu 69. Chini kabisa ipo mandochelo, ambayo ni mandola iliyoshushwa oktava nzima. Bouzouki yenyewe asili yake ni Ugiriki, ambako ina jozi tatu au nne na tyuni zake tofauti. Ilifika kwenye muziki wa Ireland miaka ya 1960 kupitia mwanamuziki Johnny Moynihan, na mafundi wa huko wakaanza kuitengeneza upya, mgongo bapa, jozi nne. Ndiyo maana leo wauzaji wawili wanaweza kukuuzia chombo kile kile kwa majina mawili. Mimi niliacha kusoma majina, nikawa nauliza swali moja tu: kutoka kidaraja cha juu, pale shingo inapokutana na kichwa, mpaka freti ya 12, yaani kile chuma cha 12 kinachokatiza shingo, ni sentimita ngapi? Zidisha mara mbili, umepata urefu wa uzi. Muuzaji asiyeweza kukupimia hilo kwa futi ya fundi cherehani hana haja ya kupata hela yako.

Urefu huo ndio unaoamua kila kitu kingine. Uzi mrefu unabeba sauti ya chini bila kulegea na bila kuwa mnene kama waya wa kuanikia nguo. Lakini freti nazo zinaachana. Kwenye mandolini yangu ya sentimita 35, kidole cha shahada kikiwa freti ya pili, kidole kidogo kinafika freti ya saba kwa mwendo wa kama sentimita nane. Kwenye uzi wa sentimita 54 mwendo huo ni sentimita 12. Kwenye sentimita 65, urefu wa gitaa la kawaida, ni sentimita 14 na nusu. Jaribu mezani kutanua vidole hivyo viwili kiasi hicho, uone. Nimewaona wapiga mandolini wazuri wakinunua bouzouki ndefu kwa sababu inavuma vizuri dukani, kisha wanaishia kupiga kodi tatu tu, yaani mishiko ya noti kadhaa kwa pamoja, bila melodi.

Kabla hujatoa hata senti, upo mtihani usio na gharama. Chukua gitaa lolote la nyuzi sita. Toa uzi wa tatu na wa sita. Wa kwanza uache ulivyo, E. Wa pili, ambao ni B, ushushe tyuni moja kamili, yaani kiasi cha freti mbili, uwe A. Wa nne uache, D. Wa tano, ambao ni A, ushushe tyuni moja uwe G. Una mandolini ya oktava ya nyuzi moja moja mikononi. Piga nayo nyimbo zako zote kwa wiki kadhaa, na mwimbaji awepo. Sisi tulifanya hivyo barazani Kanyenye. Dada akaimba beti mbili, akanyamaza, akasema hapo sasa anajisikia mwenyewe. Mimi nikajifunza kwamba nyimbo zetu karibu zote zinawezekana, isipokuwa zile zenye mbio ambazo kwenye mandolini nazipiga kwa kidole kidogo. Hizo kwenye shingo ya sentimita 65 zilinigomea kabisa.

Wapo walionishauri udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu. Ushauri wa maana, kwa sababu udi nao ni wa nyuzi jozi, kwa kawaida jozi tano na uzi mmoja wa besi peke yake, na sauti yake iko chini kiasi cha kumbeba mwimbaji yeyote. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Gongoni anayepiga udi aliotoka nao Zanzibar zamani. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu, akanipa niushike. Shingo fupi, haina freti, na nyuzi zimepangwa zikiachana kwa hatua ya noti nne na siyo ya noti tano kama mandolini, kwa hiyo kila nilichokijua kilikuwa mahali pengine. Mzee akacheka. "Mwanangu, huyu anataka umrudie kila siku nyumbani. Wewe unahangaika na harusi za mbali, utamuua." Akanionyesha vigingi vya mbao vinavyokazia nyuzi, jinsi kiangazi cha Tabora kinavyovifanya viteleze, na pale gundi ilipowahi kuachia mgongoni. Nikakubali. Udi ni chombo cha kujifunza kwa miaka, na mimi nilikuwa na harusi ya Jumamosi.

Mandolini za oktava zenyewe zipo kwenye maduka ya mtandaoni, na za bei nafuu siyo mbaya kama watu wanavyodhani. Tatizo ni njia. Bei ya chombo, ongeza usafiri, ongeza ushuru, na sanduku lenyewe kubwa. Unafika mahali ambapo nusu ya pesa haikununua muziki wowote. Halafu kuna suala la nyuzi. Vingi vya vyombo hivyo vinatumia nyuzi zenye kitanzi mwishoni, na hizo madukani hapa hazipatikani. Nyuzi za gitaa, zenye kile kidonge kidogo cha shaba, utazipata mjini. Uzi unakatika Ijumaa jioni, utafanyaje? Fundi anaweza kuponda kidonge kwa plaizi kikatoka na kubakiza kitanzi, nimeshafanya hivyo kwa mandolini, lakini sikutaka kuishi hivyo.

Basi nikaishia kwenye chombo ambacho hakimo kwenye ile orodha ya majina: gitaa kavu la nyuzi 12, kuukuu, lililokuwa limelala stoo kwa mwanakwaya mmoja wa Ipuli. Magitaa haya yanauzwa bei ya kutupa kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wanachoka kuyatyuni. Ya pili, vifunguo vya kukazia nyuzi vinakufa kimoja kimoja, na nani atatafuta kifunguo cha gitaa la nyuzi 12? Kwangu mimi sababu zote mbili zilikuwa faida. Nilihitaji vifunguo nane tu kati ya 12, vinne kila upande. Vinne vibovu vikae tu.

Faida kubwa zaidi iko kwenye mzigo. Gitaa la nyuzi 12 likiwa limetyuniwa kawaida linavutwa na nyuzi zake kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Ndiyo maana mengi yanapinda shingo na kuvimba tumbo, na ndiyo maana watengenezaji wengi wanashauri yashushwe tyuni moja. Lead Belly, yule mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1949, alikuwa akilishusha lake chini sana kuliko hapo, na ule mngurumo wake umetokana na hilo. Uzi ule ule ukishushwa tyuni moja kamili, mvuto wake unapungua kwa kama asilimia 20. Ukishushwa tyuni mbili, unapungua kwa zaidi ya theluthi. Sasa, ukiweka nyuzi nane badala ya 12, tena za tyuni ya chini, boksi lililojengwa kubeba mzigo wa 12 linabaki na kilo 70 hivi, mzigo wa gitaa la kawaida la nyuzi sita. Linapumua. Chombo cha bei rahisi huwa dhaifu pale nyuzi zinapovuta. Ukiondoa mvuto, umeondoa sehemu kubwa ya udhaifu huo.

Hata hivyo sikununua kwa kufumba macho. Nililala nalo kwanza, yaani niliomba nikae nalo usiku mmoja nyumbani, na mwenyewe hakuwa na neno. Nilipitisha ukingo wa karatasi pande zote chini ya daraja, kile kipande kilichogundishwa kwenye ubao wa mbele kinachoshika nyuzi. Karatasi ikiingia, daraja limeanza kung'oka. Haikuingia. Niliweka rula bapa kwenye ubao wa mbele nyuma ya daraja. Kilikuwepo kivimbe kidogo, cha kawaida kwa gitaa la aina hii. Nilibana uzi kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja nikachungulia nafasi iliyobaki freti ya saba: upenyo mwembamba kama kadi ya simu, vizuri. Kwenye freti ya 12 nyuzi zilikuwa juu kwa zaidi ya milimita tatu, lakini hilo linarekebishika kwa kusaga mfupa wa daraja. Ubao wa mbele ulikuwa wa plaiwudi. Wapenda magitaa watakunja uso. Mimi nilifurahi, kwa sababu ubao mzima wa mti mmoja kwenye ukame wetu wa Mei hadi Oktoba unapasuka, na plaiwudi inavumilia. Kama ningekuwa Bukoba labda ningesema mengine.

Kazi ya kuligeuza ilifanywa na seremala wa Cheyo ambaye shughuli yake hasa ni vitanda na makabati ya mninga. Hajawahi kupiga gitaa maishani. Nilimpelekea mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, umechemshwa mpaka mafuta yakatoka, umeanikwa. Akauchonga vidaraja viwili, cha juu na cha chini, nami nikakaa naye kuchora mahali pa mifereji: nyuzi za jozi moja ziachane milimita mbili hivi, jozi na jozi milimita tisa au kumi. Matundu ya daraja yalibaki yale yale ya gitaa, tukatumia ya katikati, na mifereji ndiyo iliyozisogeza nyuzi kidogo kidogo kukaa sawa. Akaniuliza kwa nini ninapoteza nafasi kubwa pembeni mwa shingo. Swali zuri, na jibu ni kwamba shingo ya nyuzi 12 ni pana kuliko inavyohitajika kwa jozi nne. Hiyo ndiyo kasoro ninayoishi nayo. Mkono wangu umezoea, wa mwenye kiganja kidogo huenda usizoee.

Nyuzi zenyewe zinatoka kwenye pakiti mbili za kawaida za gitaa kavu. Toa wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano kutoka kila pakiti, kwa mpango ule ule wa jaribio la barazani, na una jozi nne kamili. Wa tatu na wa sita vinabaki. Mpiga rithim wetu anavichukua. Nilichagua pakiti inayoanzia uzi wa unene wa inchi 0.012, na nitaeleza kwa nini si nyembamba zaidi.

Ule urefu wa sentimita 65 ulikuwa bado unanisumbua mkono. Suluhisho lake ni kapo, yaani kibanio cha shingoni kinachobana nyuzi zote kwa pamoja. Ninalityuni gitaa tyuni moja chini ya ninachokitaka, F, C, G, D, kisha ninabana kapo freti ya pili. Linasikika G, D, A, E, na urefu wa uzi unaobaki ni kama sentimita 58, ndani ya kipimo cha mandolini ya oktava kabisa. Ule mwendo wa kidole kidogo unarudi kwenye sentimita 13, na zile nyimbo za mbio zikaanza kukubali. Na dada akitaka kushuka zaidi siku ambayo koo limechoka, ninatoa kapo tu. Kwa tyuni ya chini hivyo, nyuzi nyembamba zinalegea na kugonga freti; ndiyo sababu ya 0.012. Asiyetaka kapo atyuni G, D, A, E moja kwa moja kwa pakiti ya 0.010. Kapo iwe ya nguvu, kwa kuwa jozi zina nyuzi za unene mmoja lakini shingo ni pana na kapo dhaifu inaacha uzi mmoja ukizomea. Kabla sijapata ya dukani nilitumia penseli na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Inafanya kazi, ila inaharibu ukoo mbele za wakwe.

Kuna mjadala mmoja ambao nitausema upande wangu waziwazi. Kwenye gitaa la nyuzi 12, jozi nne za chini kwa kawaida zina uzi mnene na mwembamba wa oktava ya juu. Wapiga bouzouki wengi wa Ireland nao hufanya hivyo kwenye jozi za chini. Inametameta, na watu wakisikia mara ya kwanza wanaipenda. Mimi nimeweka nyuzi zinazofanana kwenye jozi zote. Nilishuka chini ili nimpishe mwimbaji. Nikiweka uzi wa oktava ya juu nimerudi kule kule nilikotoka, na melodi inayoshuka kutoka jozi ya pili kwenda ya tatu inaruka juu ghafla kwa sauti mbili. Kwa anayepiga peke yake bila mwimbaji, afanye apendavyo.

Kutyuni jozi kuna subira yake. Uzi mmoja kwanza, kwa programu ya simu, huku mwenzake umezibwa kwa kidole. Wa pili ninautyuni kwa sikio dhidi ya wa kwanza mpaka yale mawimbi, wau-wau-wau, yanapopungua mwendo na kutulia. Simu pekee haitoshi. Nyuzi mbili zinaweza zote kuonyesha kijani na bado zikabishana. Ukisikia jozi iko sawa ikiachwa wazi lakini inabishana freti ya 12, uzi mmoja umechakaa au mfupa wa daraja umekaa vibaya. Badilisha nyuzi za jozi kwa pamoja, usichanganye mpya na ya zamani.

Kiangazi ninaliweka ndani ya begi lake pamoja na kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, ndani kuna kipande cha sponji chenye unyevu, kisichodondosha maji. Mwaka ambao sikuwa na begi, ncha za freti zilianza kuchoma kiganja kwa sababu mbao ya shingo ilikuwa imesinyaa. Msasa laini ulimaliza kazi, lakini sponji ni rahisi zaidi.

Mwenye bajeti ndogo kuliko yangu ana njia nyingine, na kijana wetu wa ngoma ndiye aliyeijaribu. Alipata gitaa dogo la robo tatu, nyuzi sita za chuma, urefu wa sentimita 58 bila kapo. Vifunguo ni sita, kwa hiyo jozi nne hazitoshi. Yeye ameweka jozi mbili juu, A na E, na nyuzi moja moja chini, D na G. Seremala yule yule akamchongea mifupa. Chini hakuna mng'ao, kweli, lakini melodi nyingi ziko juu huko kwenye jozi, na nyuzi za chini moja moja zinasikika wazi kuliko zangu. Kwenye harusi ya mwisho ya Ng'ambo tulipiga wote wawili, na fundi mitambo alipunguza sauti yangu akaacha yake. Nimemwuliza kijana kama anauza. Amesema bado.